Kompyuta Mataa Rangi Saba, Wimbo wa Dada wa Watu Bado Mkavu

Kuna prodyuza mmoja wa Mpendae, jina kapuni, ambaye wiki hizi kila akiposti ni kompyuta mpya. Boksi la kioo, feni zinawaka rangi saba, na kadi ya picha ya kuchezea magemu ambayo peke yake imekula zaidi ya nusu ya bajeti. Mashabiki moto moto tu. Huku pembeni kuna dada mmoja wa taarab ya kisasa aliyetanguliza pesa ya nyimbo mbili zitoke Sikukuu. Sikukuu imepita, na alichotumiwa kusikiliza, sauti yake imekauka kama mkate wa juzi.

Tuhuma mtaani ni kwamba mataa yale yamewaka kwa pesa ya huyo dada. Hilo wanalijua wenyewe. Lakini hata kama ni pesa yake halali, kanunua kitu sicho.

Kadi ya picha haichanganyi muziki. Mwangwi, kompresa na EQ, karibu zote hubebwa na prosesa. Tena plagini zilizopangwa kwenye treki moja huenda kwa foleni, hii imalize ndiyo ile ianze, kwa hiyo ukirundika kumi kwenye sauti ya mwimbaji, kinachokuokoa ni kasi ya kila kiini cha prosesa. Wingi wa viini unasaidia treki zikiwa nyingi, na taarab ndiyo yenyewe: fidla, kanuni, akodioni, waitikiaji. RAM ya GB 16 kwa kuchanganya inatosha wengi. Chenji ingebaki ya spika nzuri za kusikilizia na UPS. Na UPS kisiwani si anasa. Umeme wa Unguja unapita kwenye waya chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu ya kiza.

Wanaomtetea wanasema laptopu yake ya zamani ilikuwa inakwaruza, ndiyo maana akaondoa mwangwi. Ah, wapi! Kukwaruza kule ni bafa. Wakati wa kurekodi unaiweka ndogo, 128 hivi, mwimbaji asijisikie anachelewa. Wakati wa kuchanganya hakuna anayeimba, unaipandisha mpaka 1024. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kuchelewa milisekunde 23 tu, na prosesa inapata nafasi ya kupumua. Ikizidiwa bado, treki nzito unaigandisha. Na wakati wa kutoa faili la mwisho programu haina haraka, inahesabu mpaka imalize hata ikichukua dakika ishirini. Kwa ufupi, wimbo wa dada ungetoka kwenye laptopu ile ile, labda na feni ya mezani pembeni, maana joto la kaskazi likipanda prosesa nayo inapunguza kasi.

Dada naye asikae kimya kwa kuona haya. Amuombe kaka huyo treki zake, kila moja faili lake, WAV, bila plagini, apeleke kwa fundi mwengine. Treki arubaini za wimbo wa dakika saba, mono, biti 24, ni kama GB 2 na kidogo. Flashi ya GB 8 inameza nyimbo zote mbili na nafasi inabaki.