Dini na Madini



Wapendwa wanaparokia, kila tunapoutaja mgodi wa North Mara wapo wanaotunong'oneza kwamba padri ashughulike na dini, madini awaachie wenyewe. Tungenyamaza, kama si maji.

Mei 2009, wilayani Tarime, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini humo yakaingia Mto Tigithe. Wanavijiji walilalamika kwamba mifugo inakufa na ngozi zao zinababuka. Kampuni ikaeleza kuwa wezi walikuwa wameiba plastiki iliyotandikwa bwawani. Haya, na tukubali. Ni ulinzi gani basi huo, ambao dhahabu inalindwa kwa bunduki, na plastiki inayoutenga mto na sumu haina mlinzi?

Mwamba wenye salfa ukilala ardhini haumdhuru mtu. Ukichimbuliwa, ukapigwa na hewa na mvua, huzaa tindikali; nayo huyeyusha metali zilizomo mwambani na kuzishusha mtoni. Kazi hiyo haikomi siku lango la mgodi linapofungwa. Kule Hispania uko mto uitwao Rio Tinto, ambao kando yake Warumi walichimba madini. Hadi leo maji yake ni mekundu na makali.

Mwaka 2019 Serikali iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvujisha topesumu. Tulishukuru. Lakini faini huingia hazina, haiingii kisimani. Tena, tangu mapatano ya 2020, Serikali yenyewe ni mbia mwenye asilimia 16. Hakimu amekuwa mwenye duka, na hilo twaona linahitaji kusemwa waziwazi.

Tigithe humwagia Mto Mara, Mara humwagia Ziwa Victoria, nasi wa Mwanza twachota ziwani humo maji ya kunywa, hata yale ya kubatizia watoto wetu. Hatusemi kwamba sumu imefika mabombani mwetu. Twasema ziwa ni moja, na mkulima wa Tarime hana bomba la kukimbilia.

Kwa hiyo twadai maji ya Tigithe yapimwe kila mwezi na wataalamu wasiolipwa na mgodi wala mbia wake, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za vijiji. Na fedha za kuyatunza mabwawa hayo baada ya dhahabu kwisha zitengwe sasa, wakati dhahabu ingalipo.