Suluhu Isizibe Mdomo wa Anayejua

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi mmoja wa Milola, mkoani Lindi, anaunda mashine ya kubangulia korosho. Mara anapokea barua ya kampuni inayodai kwamba mashine hiyo inavunja hataza yake. Kwa kuwa hana fedha za wakili, anatia saini mkataba wa suluhu: atalipa mrabaha kwa kila mashine, wala hatapinga kamwe uhalali wa hataza ile. Miaka miwili baadaye anaona katika kitabu mchoro wa mashine ya namna hiyo hiyo, uliochapishwa zamani kabla hataza haijaombwa. Je, aendelee kulipa na kunyamaza?

Hataza ni haki ya muda ambayo dola humpa mvumbuzi, naye kwa upande wake huueleza umma jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi. Sharti lake la kwanza ni upya: jambo lililokwisha kujulikana halistahili hataza. Lakini mkaguzi hawezi kusoma kila kilichochapishwa duniani, na kwa sababu hiyo sheria, ikiwa ni pamoja na Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987, huruhusu hataza iliyokwisha kutolewa ipingwe mahakamani.

Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya Lear na mhandisi John Adkins kuhusu jairoskopu, iliamua kwamba mwenye leseni hazuiwi kupinga uhalali wa hataza anayoitumia. Mara nyingi yeye ndiye pekee mwenye sababu ya kutosha ya kupinga. Akinyamazishwa, umma huendelea kulipia kilicho mali ya wote. Hata hivyo, mwaka 2001 mahakama ya rufani ya huko, katika shauri la miguu ya bandia, ilimfunga mdaiwa kwa ahadi yake, kwa kuwa alikwisha kushtakiwa na kupata nafasi ya kutafuta ushahidi kabla ya kupatana. Mwaka 2012 mahakama nyingine ya rufani ilikataa ahadi ya aina hiyo iliyotolewa kabla kesi haijafunguliwa.

Wapo watakaouliza: kama suluhu haimalizi ugomvi, nani atakubali kupatana? Wahenga walinena, heri nusu shari kuliko shari kamili. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wawili wakipatana juu ya mpaka wa shamba, hasara na faida ni zao. Hataza batili huwazuia mafundi wote, na wale wasiotia saini, ingawa wana haki ya kupinga, mara nyingi hawana habari wala fedha.

Kwa maoni yangu, ahadi ya kutopinga iheshimiwe pale tu ambapo uhalali ulikwisha kubishaniwa mahakamani kwa nafasi ya haki. Ahadi iliyozaliwa na barua ya vitisho isiwe na nguvu. Ruhusa tunayo: kifungu cha 40 cha Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 kinataja masharti ya kuzuia kupinga uhalali miongoni mwa mambo ambayo taifa laweza kuyadhibiti yanapodhuru ushindani.

Walimu nao wana wajibu. Hati za hataza ziko wazi kwa umma. Mwanafunzi wa fizikia afundishwe kuzisoma na kuuliza: je, jambo hili ni jipya kweli? Swali hilo yafaa liulizwe kabla ya kalamu kugusa karatasi.