Galatoni si chombo cha baa tu

Katika parokia zetu za Shinyanga na Geita, kijana akija kwaya na galatoni husikia: "Hicho ni chombo cha baa." Siafiki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikisifu kinanda cha mabomba, lakini ukaruhusu na vyombo vingine vinavyofaa ibada, kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, leo Likasi, mji wa migodi kama yetu. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikachezesha sauti ya juu. Gitaa moja, bila umeme! Jumuiya za machimboni zinahitaji hilo. Kinanda chetu cha umeme, tuseme ukweli, hufunika hata zaburi. Walimu wa kwaya, mjaribuni kijana huyo Jumapili ijayo.