Ini Haliharibiwi na Pombe Peke Yake

Hapa kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, mtu asiyekunywa pombe akiambiwa kwamba ini lake limeharibika, majirani hushangaa kwanza, kisha huanza kunong'ona. Ama alikuwa akinywa kwa siri, ama ametiliwa sumu. Ni nadra mtu kuuliza alikuwa akimeza dawa gani. Na akitokea wa kuuliza, jibu humfunga mdomo: "Lakini zile kaandikiwa na daktari!"

Imani hiyo naipinga waziwazi, kwa sababu inaua. Cheti cha daktari kinasema kwamba unaihitaji dawa. Hakisemi kwamba dawa hiyo haina madhara. Kidonge unachomeza, kikishanyonywa na utumbo, hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ndilo linaloivunjavunja dawa, na katika kazi hiyo mabaki mengine huwa makali kuliko dawa yenyewe. Hata kama hujawahi kuonja pombe maishani.

Chukua dawa za kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na katika miezi 2 ya mwanzo mgonjwa humeza dawa 4 kwa pamoja. Tatu kati ya hizo, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kuumiza ini, hasa la mtu mwenye homa ya ini ya B. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na muuguzi humwambia mgonjwa tangu mwanzo asiogope. Ushauri huo ni sahihi. Lakini ini likianza kuumia, mkojo nao huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na mgonjwa anatulia: si nilishaambiwa? Hamu ya chakula inapotea, anatapika, anachoka, na nyumbani wanasema ni malaria. Wangemtoa nje mchana, wakamvuta kope chini, wangeona weupe wa jicho umegeuka manjano. Mkojo wa rangi ya chungwa kwa anayemeza rifampisini ni jambo la kawaida. Jicho la manjano si la kawaida hata kidogo.

Hapo wengine huacha dawa kimyakimya na kukaa nyumbani, na kifua kikuu kinarudi, pengine kikiwa kimeshazoea dawa. Mwenye macho ya manjano arudi kituoni siku hiyohiyo, kabla ya kumeza dozi nyingine. Damu itapimwa, dawa zitasimamishwa ikibidi, na ini likitulia daktari atazirudisha moja moja.

Paracetamol inanisikitisha zaidi, kwa kuwa madhara yake yanaepukika kabisa. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Sasa mtu kaandikiwa Doliprane, kabatini ana Efferalgan, na shemeji kamletea Panadol kutoka safarini. Zote tatu ni paracetamol! Ini lina akiba ya kuizima sumu yake, na kwa asiyekula vizuri akiba hiyo ni ndogo. Dawa ya kumwokoa aliyezidisha ipo, asetilisisteini, ila hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8, na katika saa hizo mgonjwa mara nyingi hajaona dalili ya kumtisha.

Najua nitakavyojibiwa: ukiwatisha watu, wataacha dawa. Sikubali. Aliyeelezwa mapema hurudi kituoni. Asiyeelezwa ndiye anayetupa vidonge mambo yakishaharibika.

Na wauzaji wa farmasi, kuanzia Bwiza hadi Kamenge, waache kukata karatasi ya vidonge kwa makasi hadi jina la dawa linabaki dukani. Mgonjwa anaondoka na vidonge vinne visivyo na jina. Akiulizwa hospitalini alimeza nini, atajibu nini? Kalamu iko hapo kaunta. Waandike jina la dawa na miligramu zake. Na daktari naye, kabla hajaandika chochote, aulize: nyumbani unameza nini kingine, na unakunywa mitishamba gani?