Chakula kukwama, sehemu ya 4: Uvimbe usio saratani, lazima kupasuliwa kifua?

Mama zangu, nimepata meseji nyingi baada ya post ya juzi. Swali ni lile lile: "Sista, kamera imeonyesha uvimbe kwenye umio, wamesema si saratani. Apasuliwe?"

Si lazima. Kabla hujauliza bei, muulize daktari: una ukubwa gani, na umeota tabaka lipi? Njia ya kuutoa inatokana na hayo mawili.

Uvimbe wa namna hii mara nyingi ni leiomayoma, unatokana na msuli wa umio. Ukiwa mdogo na mtu anakula ugali wake bila shida, kwa kawaida unafuatiliwa tu kwa kamera. Ukiambiwa "tusubiri" usidhani umetelekezwa.

Ukilazimu kutolewa, siku hizi unaweza kupitia mdomoni. Ule mdogo kabisa, chini ya sentimita 1, hufungwa kimpira ukakatika wenyewe. Ulio tabaka za juu huchunwa kwa kisu cha umeme. Shida ni ulioota ndani kwenye msuli mkubwa: ukiuchuna vile, umio unaweza kutoboka. Hapo mimi naipenda njia ya handaki, ambayo madaktari wa Shanghai waliichapisha 2012. Daktari anachana utando sentimita chache juu ya uvimbe, anapita chini yake, anautoa, kisha anabana ule mlango. Utando uliofunika uvimbe unabaki mzima, hivyo hata msuli ukitoboka, mate na chakula havimwagiki kifuani. Lakini ukizidi kama sentimita 4 haupiti vizuri kwenye handaki. Hapo heri upasuaji wa matundu madogo kifuani.

Halafu msigombane na daktari akikataa kuchukua kinyama kwenye uvimbe ambao utando wake ni mzima. Kukatakata kunaacha kovu, na kuuchuna baadaye kunakuwa kazi. Ila kukiwa na kidonda, kinyama kichukuliwe siku hiyo hiyo, maana saratani ya umio kwetu Tanzania si ngeni hata kidogo.

Kwa hiyo mama mkwe anayeshushia kila tonge kwa maji, mara kahamia uji, msimwambie ni uzee au karogwa. Msisubiri hela ya chai itoke. Mpelekeni Njombe hospitali ya mkoa, mwambieni daktari shida imeanza lini, na muombe kipimo cha kamera. Kama hapo hakipo, ombeni rufaa.