Mwanafunzi wa Kiswahili na Avuke Namanga kwa Baiskeli

Mtembezi hula miguu yake, ndivyo walivyonena wahenga. Hata hivyo, katika mtaa wa Mwiki ulioko Ruiru, si mbali na vyuo vikuu vilivyo kando ya Barabara Kuu ya Thika, baiskeli aghalabu huhesabiwa kuwa chombo cha kubebea mikate na maziwa tu. Anayesafiri nayo hadi nchi nyingine hudhaniwa kuwa Mzungu aliyechoshwa na starehe. Dhana hii haina budi kupingwa, hasa na wanafunzi wa Kiswahili.

Ni kweli kwamba wageni wamevuma zaidi. Mwaka 2003 ilianzishwa Tour d'Afrique, ziara ya baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, ambayo imewapitisha waendeshaji wengi Kenya na Tanzania. Lakini miongo kadhaa kabla ya hapo, neno bodaboda lilikwisha kuzaliwa miongoni mwa waendesha baiskeli wa Busia waliowavusha abiria baina ya Kenya na Uganda. Kuvuka mpaka kwa baiskeli, basi, si jambo la kuazimwa ughaibuni.

Kutoka Mwiki hadi Arusha kupitia Namanga ni takribani kilomita 300. Abiria wa basi huumaliza mwendo huo kwa siku moja bila kulazimika kusema na yeyote isipokuwa utingo na maafisa wa uhamiaji. Mwendesha baiskeli hana hiari hiyo. Hapa ataomba maji, pale ataomba kivuli, na pancha itamfikisha kwa fundi asiyemjua. Hapo ndipo lugha yake itakapotahiniwa. Akisema "nipe chai" kama alivyozoea Githurai, atahudumiwa, lakini ataonekana mkavu; wenyeji husema "naomba". Akimpita mzee bila "shikamoo", amekosa adabu hata kama upatanisho wake wa ngeli hauna dosari. Mambo hayo hufundishwa darasani kwa jina la isimujamii. Barabarani mwalimu ni kiu.

Wapo watakaosema kwamba safari hiyo ni ya hatari. Hawakosei. Upanuzi wa Barabara ya Thika, uliokamilika mwaka 2012, uliwatengea waendesha baiskeli njia yao. Kuelekea Namanga, sehemu kubwa ya safari ni bega kwa bega na malori. Kwa hivyo asiende mtu peke yake, wala usiku. Vyama vya Kiswahili vinavyokodi mabasi kwenda makongamanoni vinaweza kuliweka gari moja nyuma ya wanachama kumi wenye kofia ngumu na pasipoti.

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, hotuba nyingi zimetolewa kuhusu lugha inayounganisha mataifa. Zingekuwa na uzito zaidi iwapo baadhi ya wasemaji wangefika ukumbini wakiwa na vumbi la Longido miguuni.