Kicheko cha Kashasha si Kichekesho

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni katika kijiji cha Kashasha, ambacho leo kipo wilayani Muleba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Tangu hapo tukio hilo husimuliwa duniani kama kioja cha watu waliocheka hadi shule zikafungwa. Masimulizi hayo yanawadhulumu wasichana wale, na yanatunyima somo ambalo wahudumu wa afya wanalihitaji hadi leo.

Madaktari Rankin na Philip walichapisha taarifa yao mwaka 1963. Wanaeleza kwamba kicheko kilichanganyika na kilio, kikadumu kwa dakika chache au saa kadhaa, kikatulia, kisha kikarudi. Wagonjwa walikosa utulivu, na baadhi yao walisema wanaogopa kwamba kuna mtu anayewakimbiza. Hakuna aliyefariki. Wanafunzi waliporudishwa makwao, maradhi yalizuka Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao, yakawapata watu 217. Mwezi Juni yakafika shule ya wasichana ya Ramashenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba. Wenyeji waliyaita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Lakini mtu anayelia kwa hofu hana jambo linalomchekesha.

Damu na maji ya uti wa mgongo vilipimwa bila kuonyesha maambukizi, na chakula nacho kilichunguzwa. Walimu hawakupatwa. Madaktari wakahitimisha kuwa ni histeria ya halaiki. Hapo ndipo inapoingia saikolojia jamii, yaani elimu inayochunguza jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na wengine, wawe mbele yake au mawazoni mwake tu. Elimu hii haisemi kwamba mgonjwa anajifanya. Inasema kwamba hofu ya mmoja huweza kuingia katika mwili wa mwenzake, hasa pale wote wanapobeba mzigo wasioweza kuutamka.

Hata hivyo, hoja ya kwamba vipimo ni safi, basi tatizo liko akilini, ni hoja dhaifu. Kukosa kimelea si ushahidi wa chanzo cha kijamii. Mkoa wa Kagera, ambao Machi 2023 ulithibitishiwa kuwa na virusi vya Marburg wilayani Bukoba, hauwezi kumudu haraka ya namna hiyo. Ushahidi wa kijamii nao hutafutwa, na una njia zake.

Swali la kwanza la mtafiti wa saikolojia jamii lingekuwa juu ya wasichana 64 wa Kashasha ambao hawakuwa wamepatwa shule ilipofungwa mara ya kwanza. Waliishi shule ileile, miezi ileile. Je, nani alikuwa rafiki wa nani? Nani alimwona mwenzake akianguka katika hali ile? Mwaka huohuo wa 1962, katika kiwanda cha nguo nchini Marekani, wafanyakazi 62 waliugua wakiamini wameumwa na mdudu. Watafiti Kerckhoff na Back waliwahoji waliougua na wasiougua, wakawauliza marafiki zao ni akina nani, wakaona jinsi maradhi yalivyofuata njia za urafiki na za msongo wa maisha. Kazi hiyo haikuhitaji mashine. Ilihitaji dodoso, subira na ulinganisho.

Kwa hiyo, wanafunzi wanapoanza kuanguka au kupiga mayowe shuleni, mhudumu wa zahanati afanye mambo manne. Kwanza, achunguze malaria, sumu, chakula na maji. Pili, aandike katika rejista saa ya kila tukio, mahali, na watu waliokuwapo. Tatu, azungumze faraghani na waliougua na wasiougua, mmoja mmoja, bila kuwatilia majibu mdomoni: asiulize mapepo yalikujaje, aulize siku hiyo ilianzaje. Nne, atunze siri zao. Viboko na kusaka mchawi hadharani hukusanya watazamaji na kuithibitisha hofu ileile inayopaswa kupozwa.

Wapo watakaosema kwamba muuguzi mwenye foleni ndefu hana muda wa mahojiano. Ugumu huo ni wa kweli. Lakini shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, na mwishoni mwa Juni ikafungwa mara ya pili. Kufunga milango peke yake hakukutosha, na kila mlango uliofungwa ulikuwa masomo yaliyopotea kwa binti wa mtu. Saa chache za kusikiliza ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Nawe msomaji ambaye wewe au mtoto wako mmeambiwa kwamba vipimo havionyeshi kitu: kauli hiyo haimaanishi kwamba huumwi. Inamaanisha kwamba uchunguzi haujakamilika. Una haki ya kuulizwa unaishi na nani, unaogopa nini, na yalianza vipi. Na una haki ya kujibu bila kuchekwa.